Taya la Galula: mwenye meno ya panya si lazima awe panya

HIVI karibuni nilikuwa Mbarara nikisubiri gari la kwenda Nakivale kuwasalimia ndugu waliobaki kambini. Kijana mmoja alipanda na ndezi mkavu ndani ya mfuko. Mama muuza vitenge akagoma kukaa naye. "Mimi na panya siti moja? Thubutu!" Kijana akajibu kwa upole: "Mama, huyu si panya, ni ndezi."

Kijana alikuwa na haki. Ndezi ni mgugunaji kama panya, lakini kinasaba yuko karibu zaidi na nungunungu kuliko panya wa nyumbani. Nilijifunza hayo Nakivale, mwalimu wetu alipoleta fuvu la ndezi darasani na kutuonyesha mifereji mitatu kwenye kila jino la mbele la juu. Daftari hatukuwa nazo za kutosha, lakini fuvu lile sijalisahau.

Ubishi wa namna hiyo umewashughulisha pia wataalamu wa visukuku. Mwaka 2003 walitangaza kipande cha taya la chini kutoka miamba ya Galula, kusini magharibi mwa Tanzania, cha zama za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Meno yake yaliendelea kukua kama ya mgugunaji. Walisema huenda ni wa familia ya Sudamericidae, iliyokwisha kutoweka.

Familia hiyo nayo ina historia ya kuhamishwa hamishwa. Ilipopewa jina mwaka 1984 kutokana na meno yaliyopatikana Argentina, ilidhaniwa kuwa jamaa wa wanyama kama armadilo. Baadaye wengine waliipeleka kwa multituberkulata, kundi jingine lililotoweka, lililofanana na panya bila kuwa panya. Sababu ni kwamba walikuwa na meno na mataya tu mkononi. Fuvu zima la jamaa wa kundi hilo lilitangazwa mwaka 2014 kutoka Madagaska, likaitwa Vintana, na mjadala ukabadilika.

Mnyama wa Galula alipata jina mwaka 2019: Galulatherium jenkinsi. Baada ya kulipiga taya picha za eksirei zinazoonyesha ndani, wataalamu waliona meno kama nguzo, yasiyo na enameli. Panya wa kweli ana enameli ngumu upande wa mbele wa meno yake ya kugugunia, ndiyo maana makali hayaishi. Hata hivyo, hawakumwingiza moja kwa moja katika familia yoyote. Waliweka alama ya kuuliza.

Hapo ndipo niliposimama kidogo. Niliporudi nyumbani kutoka uhamishoni, karani mmoja alisikia Kiswahili changu cha Nakivale, akaniandika mgeni papo hapo. Miaka miwili sikuajiriwa kufundisha, nikawa nauza sabuni mpakani. Alama ya kuuliza ingenitosha kabisa.

Garini, mama wa vitenge aliniuliza kama nami nakula ndezi. Nikasema ndiyo, tangu utotoni. Alicheka, akasogea, kijana akakaa na mfuko wake miguuni. Tulipokaribia Nakivale alikuwa anauliza bei.