Ugwe wa sentimita 45

Bonde la ufa la Rukwa, linalopita mkoani Songwe, limetupa dinosaria wawili waliopewa majina ya Kiswahili, na majina yote mawili yanagusa pingili zao. Shingopana songwensis, aliyetangazwa mwaka 2017, alipewa jina kwa upana wa pingili za shingo. Mnyamawamtuka moyowamkia, wa mwaka 2019, ana pingili ya mkia yenye umbo la moyo.

Mifupa hubaki mawe. Ugwe wa mgongo, uliopita ndani yake, huoza. Wa binadamu una urefu wa sentimita 45 hivi, unene wa kidole cha mwisho, na uzito wa gramu 35 hivi. Haufiki hata chini ya mgongo: huishia usawa wa kiuno, kwa kuwa mifupa hukua kuupita. Ndiyo maana daktari anayetafuta homa ya uti wa mgongo hupitisha sindano chini ya hapo, penye maji matupu na nyuzi za neva.

Kutoka kwenye ugwe huchipuka jozi 31 za neva. Nene kuliko zote mwilini ni ile ya nyonga, inayokaribia unene wa dole gumba. Mbeba mizigo wa mpakani Tunduma anayeshtukia maumivu yakimshuka kutoka takoni hadi kisiginoni, mara nyingi mizizi ya neva hiyo ndiyo imebanwa.

Kasi ndiyo inayonishangaza zaidi. Nyuzi za haraka hupeleka taarifa mita 120 kwa sekunde: zingefika Mbeya kutoka Tunduma, kama kilomita 100, kwa robo saa. Nyuzi za maumivu mazito huenda kama mita moja tu; safari hiyohiyo ingezichukua zaidi ya siku nzima. Kwa hiyo mama ntilie akigusa kikaango cha moto, ugwe huurudisha mkono kwanza, na maumivu humfikia baadaye. Njia fupi kuliko zote ni ya goti linalogongwa na daktari: kiungo kimoja tu kati ya seli mbili za neva, mguu ukaruka.

Sehemu ya kuogopwa kuliko zote ugwe unapoumia ni shingoni, zinakotoka neva ya tatu, ya nne na ya tano, zinazoendesha kiwambo cha pumzi. Aliyeanguka na bodaboda asivutwe mikono na kutupwa nyuma ya pikapu. Mtu mmoja amshike kichwa kwa mikono miwili, kinyooke na mwili, mpaka machela ifike.