Mtoto akileta kinda la ndege nyumbani

Mvua za masika zikishika Morogoro, mnana hujaa kwenye minazi, michikichi na matete ya kando ya maji. Kelele zao humwamsha mtoto kabla ya mama yake. Kinachofuata wazazi wanakijua: manati.

Kabla ya kumnyang'anya, mzazi akae naye nusu saa, hatua kadhaa kutoka kwenye mti. Dume huchana utepe mwembamba wa jani, huufunga tawini kwa mdomo, kisha husuka pete ya kusimamia. Kiota huendelea kutoka kwenye pete hiyo, mlango ukitazama chini. Kikikamilika, dume hujining'iniza hapo, akipiga mbawa na kuita. Jike huja kukagua. Huingia, huvuta nyuzi hapa na pale. Asiporidhika huenda zake. Kiota kikikauka bila kupata mwenyewe, dume hukifumua na kuanza upya. Kazi yote ile, na hakuna fidia.

Jike akikubali, hutandika nyasi laini na manyoya, akataga. Mayai huatamiwa siku 12 hivi, na makinda hukaa kiotani karibu wiki 3. Jiwe moja katika siku hizo humaliza uzao mzima.

Juu, katika misitu ya Uluguru iliyofanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, yupo chozi wa Loveridge. Haishi kwingine popote duniani. Jamii ya chozi hujenga vifuko vidogo vinavyoning'inia, vilivyoshikizwa kwa utando wa buibui.

Na kinda likianguka? Wengi huamini kuwa mama hulikataa likishaguswa na mtu. Si kweli. Kama halijaota manyoya, lirudishwe kiotani iwapo kinafikika bila kupanda kwa hatari, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Kama limeota manyoya na linarukaruka, linajifunza kuruka. Wazazi wake wako karibu na wanalilisha. Liachwe hapo, au lisogezwe kichakani kama lipo njiani. Paka afungiwe.

Mtoto ataomba alilaze ndani kwenye boksi, alipe ugali na maziwa. Akataliwe kwa upole: maziwa hayamfai ndege, na huko nje mama yake bado anaita.