Je, wajua? Slapschema, mkaguzi anayepekua saraka bila kugusa kitu

Mhadhiri anapoandika jina lake na nywila kwenye kompyuta ya chuo, mara nyingi kuna seva ya saraka inayoulizwa kama inamfahamu. Seva hiyo na kompyuta huelewana kwa LDAP, itifaki iliyochapishwa mwaka 1993 kutokana na kazi iliyofanyika kwa sehemu kubwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mwaka 1998 ukaanza mradi wa OpenLDAP, ulioirithi programu ya Michigan na kuigawa bure hadi leo. Ndani ya OpenLDAP mna programu ndogo ambayo wasimamizi wengi hawajawahi kuiendesha, nayo inaitwa slapschema.

Umuhimu wake hauonekani mpaka ujue saraka inavyopangwa. Kila rekodi humo ina aina yake, na kila aina ina masharti: sifa zipi ni lazima ziwepo na zipi ni ruhusa tu. Masharti hayo yote kwa pamoja huitwa skima. Rekodi ya aina ya person lazima iwe na cn, yaani jina la mhusika, na sn, yaani jina la ukoo. Namba ya simu na nywila ni hiari. Anwani ya barua pepe haimo kabisa kwenye orodha yake. Ukiitaka, tumia aina pana zaidi, inetOrgPerson. Kwetu, ambako wengi huandikwa jina lao, la baba na la babu, msimamizi huamua mwenyewe lipi liingie kwenye sn, lakini hawezi kupaacha patupu.

Seva hukagua masharti haya rekodi inapoingizwa au inapobadilishwa. Ni kama bawabu: anamkagua anayeingia, ila aliyekwisha kuketi ndani hamfuati. Na njia za kuketi ndani bila kukaguliwa zipo. Programu ya slapadd, inayopakia rekodi nyingi kwa mkupuo, ina chaguo la kuzima ukaguzi wa skima. Seva inayopokea nakala kutoka seva nyingine kwa syncrepl, isipoelekezwa vinginevyo, haikagui skima; inaamini kwamba aliyeituma alishakagua.

Njia ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa hakuna aliyekosea: skima yenyewe hubadilika. Makundi ya watumiaji wa mifumo ya Unix huandikwa kwa aina ya posixGroup. Katika waraka wa RFC 2307 wa mwaka 1998, aina hiyo ni ya msingi, kwa hiyo rekodi inaweza kusimama kwa aina hiyo peke yake. Katika rasimu iliyofuata, ijulikanayo kama rfc2307bis, imefanywa aina ya nyongeza: ni lazima iambatane na nyingine ya msingi. Taasisi ikihama kutoka skima ya kwanza kwenda ya pili, makundi yake yote ya zamani yanabaki bila aina ya msingi. Jana yalikuwa halali, leo si halali, na hakuna herufi hata moja iliyoguswa ndani yake.

Kasoro ya namna hii inaweza kulala muda mrefu, maana kusoma rekodi hakuiamshi. Mtumishi ambaye rekodi yake haina sn anaendelea kuingia kwenye mfumo kila siku. Siku akibadilisha namba ya simu, seva inaikagua rekodi nzima, si namba peke yake, na inamrudishia kosa namba 65: masharti ya aina yamevunjwa. Atahangaika na namba yake, atajaribu kuondoa alama ya kujumlisha, atapiga simu kwa mafundi, kumbe tatizo liko kwenye jina.

Slapschema huendeshwa kwenye seva yenyewe na kusoma hifadhidata moja kwa moja, bila kupitia mtandao. Inafungua rekodi moja baada ya nyingine na kuzilinganisha na skima iliyopo sasa. Ikikuta yenye dosari inaandika namba ya kosa, sababu, na jina kamili la rekodi. Unaweza kuielekeza kwenye tawi moja tu la saraka, na ripoti ukaiweka kwenye faili. Kwa baadhi ya aina za hifadhidata, seva izimwe kwanza, au angalau isiwe inaandika, ili ripoti iaminike. Wakati wake mzuri ni kabla ya kuhamia seva mpya. Usipozima ukaguzi wake wa skima, slapadd itaigomea rekodi mbovu usiku wa kuhama, watu wakisubiri huduma irudi.

Slapschema hairekebishi chochote, na naona walioitengeneza walifanya sawa. Sn inayokosekana programu haiwezi kuibuni. Lazima mtu amuulize mwenye jina. Kwa yale makundi ya posixGroup kazi ni nzito zaidi, kwa sababu OpenLDAP haikubali rekodi ibadilishiwe aina ya msingi kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo rekodi hutolewa kwenye faili, huhaririwa, kisha hupakiwa upya. Wengi huchagua groupOfNames iwe aina mpya ya msingi, nayo inadai angalau mwanachama mmoja. Kundi lisilo na mtu ndani yake litakataliwa tena, na hapo msimamizi itabidi aende idara husika kuuliza kama bado linahitajika.