Francis Asbury, Mhubiri wa Njiani

Mmesikia habari nyingi za wasafiri waliotafuta pembe au chanzo cha mto mkubwa. Leo nitawaeleza habari za msafiri ambaye hakutafuta hata kimoja katika hivyo.

Francis Asbury alizaliwa Uingereza katika mwaka 1745, karibu na mji wa Birmingham. Aliacha masomo mapema, akafanya kazi ya uhunzi. Katika mwaka 1771 John Wesley, kiongozi wa Wamethodisti, aliuliza ni nani atakayekwenda Amerika. Kijana huyu akajitoa. Akapanda merikebu, wala hakurudi kwao tena.

Nchi ile ilikuwa kubwa, na watu walikaa mbalimbali msituni. Kujenga kanisa na kuwangojea hakukufaa kitu. Basi kila mhubiri alipewa mzunguko wake, yaani njia ipitayo katika mashamba na vijiji vingi, nayo huchukua majuma kadhaa kuimaliza; akiimaliza, huanza tena. Mali yake ni farasi na mifuko ya ngozi iliyoning'inia tandikoni. Mshahara ulikuwa dola 64 kwa mwaka mzima. Alihubiri ghalani, jikoni, hata chini ya mti. Akalala palipopatikana, na viroboto hawakumwonea haya mgeni. Wengi katika wahubiri hao walikufa vijana.

Mara nyingi Asbury alifuatana na Harry Hosier, mtu mweusi ambaye husemekana alizaliwa utumwani. Hosier hakujua kusoma, lakini alihifadhi Maandiko moyoni, na weupe kwa weusi walikusanyika kumsikiliza.

Hapa sina budi kusema wazi. Katika mwaka 1784 Wamethodisti walikutana Baltimore, wakamfanya Asbury mkuu wao pamoja na Thomas Coke, wakaamuru pia kwamba wenye watumwa katika kanisa lao wawape uhuru. Mwezi wa Mei 1785 wakuu hao wawili walikwenda nyumbani kwa George Washington kumwomba atie sahihi barua ya kuomba utumwa ukomeshwe. Akawakaribisha chakula, akasema fikira zao ni zake pia, lakini sahihi hakutia. Wenye mashamba walikasirika, na mwaka ule ule amri ikawekwa kando. Asbury aliuchukia utumwa. Hata hivyo aliona heri aachiwe mlango wa kuwahubiri watumwa kuliko kufungiwa na mabwana zao. Watumwa hawakuulizwa shauri.

Yeye aliendelea na safari, bila mke wala nyumba. Hukadiriwa kwamba alikwenda zaidi ya maili 250,000, na Wamethodisti wa huko, waliokuwa kama 1,200 katika mwaka 1773, walipita 200,000. Mwezi wa Machi 1816, mjini Richmond, alikuwa hawezi kusimama. Wakamchukua mikononi, wakamketisha juu ya meza kanisani, akahubiri. Juma moja baadaye alikufa, angali njiani.