Bei Mpya Ukurasani, Bei ya Zamani Kwenye Utafutaji

Kithimani, kando ya barabara kuu ya Thika kwenda Garissa, mashamba hayalali. Mfereji wa Yatta, uliochimbwa na mahabusu wa Mau Mau miaka ya 1950, huleta maji ya Mto Thika, na watu huvuna nyanya, vitunguu na mishiri hata kiangazi. Kwa hiyo mbegu na dawa hutafutwa mwaka mzima, na mwenye duka la pembejeo anayeuza kupitia tovuti hubadilisha bei kila mara.

Tovuti nyingi za namna hiyo hutumia WordPress, programu ya bure iliyotoka mwaka 2003. Kisanduku chake cha kutafutia hulinganisha herufi tu. Mkulima akiandika "mishiri" ilhali bidhaa imeandikwa "French beans", haoni kitu. Akikosea herufi, vivyo hivyo. Ndipo zikaja kampuni zinazokodisha huduma ya utafutaji, mfano Algolia iliyoanzishwa Paris mwaka 2012. Huduma hizo husamehe makosa ya tahajia, na unaweza kuzielekeza kwamba majina hayo mawili ni ya kitu kimoja.

Ila hazitafuti ndani ya tovuti yako. Hutafuta ndani ya nakala, yaani faharasa, iliyo kwenye seva zao. Inayoipeleka huko ni plagini, programu ndogo inayoongezwa kwenye WordPress. Ukihifadhi bidhaa, plagini hutuma jina, maelezo na bei. Ukiifuta, huagiza ifutwe na kule.

Balaa huanza mhudumu anapomimina bei nyingi kwa mkupuo kutoka faili ya Excel hadi kwenye hifadhidata. Plagini haikupitiwa, haina habari. Ukurasa unasema shilingi 850, utafutaji unasema 700, na mteja yuko kaunta akinyoosha simu. Dawa ni kuijenga faharasa upya kila baada ya kazi kama hiyo.

Angalia pia funguo, yaani misimbo ambayo tovuti hutumia kujitambulisha kwa huduma hiyo. Ule wa kutafutia hauna madhara ukionekana. Ule wa usimamizi ukivuja, yeyote anaweza kufuta faharasa nzima. Tena, seva hizo zinaweza kuwa ng'ambo, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Namba za simu za wateja zisiingie kwenye faharasa.

Kabla ya kulipia mwezi mwingine, badilisha bei ya bidhaa moja, futa nyingine, kisha zitafute zote mbili. Ukiona mambo ya jana, mwite fundi wako kabla ya siku ya soko.