Gari la familia: kwa wakala au kwa fundi wa mtaani?

Katika nyumba nyingi za mjini, gari ndiyo mali ya pili kwa thamani baada ya nyumba yenyewe, na kwa waliopanga ndiyo ya kwanza. Limenunuliwa kwa akiba ya miaka, pengine kwa mchango wa ndugu. Ndilo linalowapeleka watoto shule alfajiri, linalompeleka bibi kliniki, na linalojazwa watu wanane siku ya arusi ijapokuwa limeandikiwa watano. Ajabu ni kwamba mali hiyo hupelekwa sevisi bila mashauri yoyote. Wengine hulipeleka kwa wakala rasmi kwa kuwa jirani mwenye uwezo huenda huko, wengine kwa fundi aliye chini ya mwembe kwa kuwa yuko karibu, na kila kundi hulicheka jingine.

Sisi tunaona kwamba swali la "wakala au fundi" limeulizwa vibaya. Linalofaa kuulizwa ni hili: ni gari gani, na ni kazi gani?

Tuanze na lililo jepesi. Aliyenunua gari jipya kwa wakala, likiwa na dhamana ya mtengenezaji, na aendelee kwa wakala huyo mpaka dhamana iishe, isipokuwa kitabu chake cha dhamana kinaruhusu vinginevyo kwa maandishi. Afrika Kusini, kuanzia tarehe 1 Julai 2021, Tume ya Ushindani ya huko iliweka miongozo inayomwezesha mwenye gari jipya kulifanyia sevisi katika gereji huru bila kupoteza dhamana yote. Kwetu, mtu na ashike karatasi aliyoisaini na kuisoma, hasa yale maandishi madogo ya mwisho.

Lakini wangapi miongoni mwetu wana gari la namna hiyo? IST, Passo, Raum na Noah tunazopishana nazo kila siku nyingi hazikupita kwa wakala yeyote wa Tanzania. Ziliuzwa Japani kwa Wajapani, zikatembea huko miaka kadhaa, kisha zikashuka bandarini Dar es Salaam zikiwa mtumba. Dhamana zake zilikwisha zamani. Anayelipeleka gari kama hilo kwa wakala hanunui dhamana. Ananunua vifaa kamili, spea zenye chanzo kinachojulikana, kumbukumbu za maandishi na risiti. Hayo yana thamani, nasi hatuyadharau. Ila analipia pia jengo, mapokezi yenye kiyoyozi, mishahara, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwa Tanzania Bara. Kwa baba anayelipa ada za watoto watatu, tofauti hiyo ni ya kufikiria mara mbili.

Tena fundi wa mtaani ana elimu yake. Aliyeshika IST mia tatu huisikia busha iliyokufa kabla gari halijasimama vizuri, na anajua ni shimo gani la barabara ya mtaa wake lililoiua. Stata ikigoma, wakala mara nyingi hukuandikia stata nzima. Fundi huifungua, hubadilisha makaa yaliyolika, akairudisha ikafanya kazi miaka mingine. Unasimama naye, unaona kilichotolewa na kilichowekwa. Kwa gari lenye umri wa miaka 15, ukarabati wa namna hiyo ndio unaoliweka barabarani.

Udhaifu wake uko kwingine, na hapa tunaomba tuvumiliwe tukirefusha. Mafundi wengi walirithi mazoea kwa walimu wao, na walimu hao walijifunza kwa Peugeot 504 na Land Rover za zamani. Mazoea yale yalifaa zama zile. Chukua oili. Injini ya 1NZ iliyomo katika IST nyingi za cc 1500 ina mfumo wa VVT-i, ambao huendesha valvu kwa shinikizo la oili inayopita katika vijia vyembamba. Mtengenezaji alikusudia oili nyepesi kama 5W-30. Fundi wa zamani humimina oili nzito namba 40 kwa hoja kwamba "nchi yetu ni ya joto", na gari haliharibiki siku ile wala mwezi ule, ndiyo maana mazoea hayafi. Linaanza kunywa mafuta, linawaka kwa uzito asubuhi, kisha lawama huangukia kituo cha mafuta.

Thamostati nayo imefanyiwa dhuluma kubwa zaidi. Ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Gari likichemka mara moja, fundi huing'oa na kuitupa, kwa hoja ile ile ya joto. Injini huanza kufanya kazi ikiwa baridi kuliko ilivyokusudiwa, kompyuta yake huongeza petroli kwa kudhani bado inawashwa, na chanzo cha kuchemka, pengine feni au rejeta iliyoziba, kinabaki palepale. Rejeta yenyewe imeziba kwa nini? Mara nyingi kwa sababu imejazwa maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti, na mle ndani mna aluminiamu.

Giaboksi ni habari nyingine ya hasara. IST za mwanzo, zilizoanza kutoka mwaka 2002, zina giaboksi ya kawaida ya otomatiki yenye gia 4. Za kizazi cha pili, kuanzia mwaka 2007, nyingi zina CVT, ambayo haina gia bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Oili zake si moja. Ukimiminiwa oili ya otomatiki katika CVT, mkanda huanza kuteleza na giaboksi hufa. Fundi asiyeuliza gari ni la mwaka gani kabla ya kufungua kopo, mchukulie gari lako.

Na masega. Wenye magari wengi huambiwa kwamba gari "limekosa nguvu" kwa sababu ya masega yaliyo kwenye bomba la moshi, hivyo yatolewe. Wasichoambiwa ni kwamba ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye wanunuzi wake, na kwamba huenda kilichotolewa katika gari lako kimeuzwa kabla hujafika nyumbani. Lililobaki ni bomba tupu, moshi wenye sumu zaidi, na taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi, ambayo nayo fundi atajitolea kuizima. Masega yanaweza kuziba kweli. Lakini anayesema yameziba na aonyeshe, na yakitolewa yakabidhiwe kwa mwenyewe.

Basi tunapendekeza nini? Kwa gari la mtumba na kazi za kawaida, yaani oili, filta, plagi, breki pedi, busha na shokapu, gereji ya mtaani yatosha, kwa sharti kwamba mwenye gari ndiye anayeshika uamuzi wa kinachoingia ndani yake. Oili na spea nunua mwenyewe. Ukienda Kariakoo au Ilala usiseme tu "nataka filta ya IST". Taja namba ya chesisi. Inayoanza na NCP60 ni ya cc 1300, NCP61 ni ya cc 1500, na kifaa cha moja huenda kisikae kwa nyingine. Dai risiti ya EFD, maana spea za bandia zimejaa, na mnunuzi asiye na risiti hana pa kuanzia akienda kulalamika kwa muuzaji au Tume ya Ushindani. Ujira wa fundi uafikiwe kabla gari halijainuliwa jeki. Kifaa kilichotolewa kirudishwe mkononi mwako, hata kama ni takataka.

Kisha kuna daftari. La shilingi chache, lenye mistari, likae kwenye droo ya gari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, aina ya oili, jina la fundi. Hii ndiyo sehemu kubwa ya anachokuuzia wakala, nawe unaipata kwa bei ya kalamu. Faida yake huonekana zaidi pale mama wa nyumba anapolipeleka gari mwenyewe. Tumesikia malalamiko mengi ya kina mama wanaotajiwa bei nyingine na matatizo mengine kwa gari lile lile ambalo waume zao walilitoa gereji wiki iliyopita. Anayefungua daftari na kusema "plagi ziliwekwa mwezi Machi, zina kilomita 8,000" haambiwi tena kwamba plagi zimekwisha. Kwa gari lililofika karibuni, tazama pia mlango wa dereva au chini ya boneti: gereji za Japani hubandika vistika vya tarehe na kilomita za oili ya mwisho. Kikiwa na kilomita nyingi kuliko zinazosomeka kwenye dashibodi, umepata habari ambayo muuzaji hakukupa.

Kati ya wakala na mwembe kuna daraja la tatu ambalo watu hulisahau: gereji za mjini zilizojikita katika aina moja ya magari, zenye mashine ya kusoma kompyuta na spana inayopima nguvu ya kukaza. Ulizia pia fundi mwenye cheti cha VETA. Mamlaka hiyo huwapima na kuwatambua hata waliojifunzia kazi mtaani, kwa hiyo cheti hakimaanishi kijana wa darasani asiyeshika mafuta. Na mashine ikisoma hitilafu, kumbuka kwamba inataja dalili. Ikisema mchanganyiko wa hewa na petroli si sawa, sensa yaweza kuwa nzima na kosa likawa ni mpira wa hewa uliopasuka. Anayenunua sensa papo hapo amelipia haraka ya fundi.

Ziko kazi ambazo hatumshauri mtu kuzipeleka chini ya mwembe hata kwa bure. Gari la haibridi, kama Prius au Aqua, lina nyaya nene za rangi ya chungwa zinazobeba umeme wa zaidi ya volti 100, umeme unaoua. Mfumo wa ABS ukigoma, usikubali ukatwe waya ili taa izime.

Ya mwisho ni mifuko ya hewa, eabegi. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mamilioni ya mifuko ambayo kemikali yake ya kulipulia huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikilipuka, hurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva au abiria. Marekani pekee vimeua watu zaidi ya 20, na kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2017. Miongoni mwa magari yaliyoitwa yarudishwe ni Vitz, Corolla na RAV4 za miaka ya 2000, zile zile zinazozeeka katika joto na unyevu wa pwani yetu. Fundi wa mtaani, hata awe hodari vipi, hawezi kuujua mfuko mbovu kwa kuutazama, wala asiufungue. Hapa wakala ndiye wa kuulizwa. Mpelekee namba ya chesisi, iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, umtake akueleze kama gari lilikuwa katika orodha na kama mfuko ulikwisha kubadilishwa. Namba hiyo hiyo waweza kuitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya Toyota ya Japani. Maandishi ni ya Kijapani, lakini simu ya kijana yeyote nyumbani itayatafsiri, na hakuna malipo.