Wakili Aliyesimama na Wameru

Mara nyingi mtu asiye na mali akisikia neno "mahakama" moyo wake huanguka. Husema, Mimi ni nani hata nishindane na mwenye nguvu? Sina fedha za wakili, wala sijui maneno ya sheria. Basi tumeona yafaa kuwakumbusha habari iliyotukia katika nchi hii ya mlima Meru, ili wazazi wawasimulie watoto wao, na walimu waisome pamoja na wanafunzi.

Mwezi wa Novemba 1951, Serikali ya Kiingereza iliyotawala Tanganyika iliwaondoa Wameru wapata 3,000 katika mashamba yao ya Engare Nanyuki, upande wa mashariki ya kaskazini ya mlima, ili mahali pale wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Watu waliamriwa kuhamia Kingori, nao wengi walikataa, maana hawakukubali kwamba ardhi ya baba zao ilikuwa imekwisha kuwa ya wengine.

Wangefanya nini? Silaha hawakuchukua. Walichanga fedha, mmoja kidogo na mwingine kidogo, wakamtafuta mtu ajuaye sheria. Huko Moshi alikuwako wakili jina lake Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, mtu mweusi kama wao, ingawa alitoka ng'ambo ya bahari. Yeye hakuwa Mmeru, wala hakuwa na shamba Engare Nanyuki. Walakini alilichukua shauri lao, akawasaidia kuyaweka malalamiko yao katika maandishi yapasayo.

Tena kulikuwa na jambo ambalo wengi hawakulijua. Tanganyika haikuwa koloni tupu. Tangu 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na wenyeji wake walikuwa na haki ya kupeleka maombi huko. Mlango ulikuwapo, bali aliyeujua ni mwenye kusoma sheria. Hapa ndipo tunapoona faida ya wakili kwa maskini: si kusema kwa ukali, bali kumwonyesha mlango asioujua.

Mwaka 1952 Bwana Seaton alikwenda New York, na Bwana Kirilo Japhet, mjumbe wa Wameru, akaenda pia. Wote wawili walisikilizwa. Kirilo akawa Mtanganyika wa kwanza kutoa shauri la watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka 3 kabla ya Mwalimu Julius Nyerere kusimama huko mwaka 1955.

Je, walishinda? Hatutawaficha wasomaji: hawakushinda. Katika kamati wajumbe wengi waliwaunga mkono, lakini ulipofika Mkutano Mkuu, mwezi wa Desemba 1952, haikupatikana theluthi mbili ya kura iliyotakiwa. Ardhi haikurudishwa kwa amri ile. Hata hivyo neno la watu wa kijijini lilikuwa limesikika duniani kote, na Watanganyika wengi wakajifunza kwamba mtawala naye aweza kuulizwa. Mwaka 1967 Seaton na Kirilo walichapisha kitabu cha shauri hilo. Seaton mwenyewe alipata kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania.

Basi, leo je? Njia imekuwa pana kuliko siku zile. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya 2017, iliyoweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, na kuwatambua wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi. Chama cha Wanasheria Wanawake, kilichoanzishwa 1989, kimewasaidia wanawake wengi bila malipo. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake; kazi yake ni kupatanisha.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Kwanza, hifadhini karatasi zenu zote, za shamba, za mkopo na za hukumu, maana wakili asiye na karatasi ni kama fundi asiye na nyundo. Pili, msikawie: rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ina siku 30 tu. Tatu, msitie kidole katika karatasi msiyoielewa; mwiteni mwalimu awasomee.

Nanyi mlio na elimu, mkumbukeni Seaton. Shauri halikuwa lake, naye alilibeba. Pengine jirani yako mjane ana barua mezani ambayo hajathubutu kuifungua. Nenda ukamsomee leo.